Mjane wa Taifa

Kitu cha kwanza alichokiona Siwema kilikuwa kifungo.

Vitumbua vya asubuhi vilikuja vimefungwa kwenye gazeti la serikali, na alipomaliza kula aliukunjua ukurasa ule juu ya goti ili atazame picha. Ilikuwa picha ya mumewe, Hatibu Makungu, fundi saa wa mtaa wa Machinjioni. Alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa chenye makucha ya simba, kidevu juu, akitazama mbali kama mtu anayesikiliza mvua ya nchi nyingine. Chini waliandika: "Baba Mwasisi, aliyefariki miaka mia mbili iliyopita, akiwa katika mapumziko yake ya milele jana asubuhi."

Hayo hayakumshangaza Siwema, alikwisha kuyazoea. Kilichomshangaza ni kifungo cha tatu cha shati. Yeye hushona vifungo vya mumewe kwa mistari miwili iliyolala sambamba. Hiki kilishonwa kwa uzi uliopishana, msalaba kabisa, tena uzi mweupe pe, ambao nyumbani kwake haukuwamo. Mkono wa mtu mwingine ulifika kifuani pa mumewe na sindano, na mumewe alikaa kimya akashonewa.

Aliupapasa msalaba ule kwa kidole chenye mafuta mpaka karatasi ikatoboka.

*

Msomaji asije akadhani kwamba Sambaro ni nchi ya ajabu. Inafaa kueleza jinsi mtu anavyoweza kuwa amekufa miaka mia mbili iliyopita na jioni akarudi nyumbani kudai chai. Ni jambo rahisi sana.

Sambaro inatawaliwa na Chama cha Wahifadhi, chama kinachoamini kwamba mambo yote mema yalikwisha kutokea. Waliposhika madaraka walitangaza kuwa taifa litarudishwa kwenye enzi yake njema. Ukazuka mzozo mdogo: enzi hiyo ilikuwa mwaka gani? Kila mjumbe alitaja mwaka ambao yeye alikuwa kijana na magoti yake hayaumi. Mwishowe wakakubaliana kurudi kwenye wakati ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa, kwa kuwa wakati huo haukuwa na shahidi wa kuusema vibaya.

Kabla ya safari hiyo ya kurudi, Rais, Mheshimiwa Ngurumo Tabasuri, aliongoza ujumbe kwenda Marekani kujifunza. Waliondoka na mabegi matupu, wakarudi na wivu.

"Ndugu zangu," Rais aliliambia Bunge, "wenzetu wana Waasisi! Wazee wa kale, nywele nyeupe, soksi ndefu. Wote wamekufa na wote wana hekima. Marais wao wakubwa wamechongwa mlimani, kila mmoja na pua yake! Mhifadhi wa kule akiichukia kodi, hasemi kwamba yeye hataki kulipa. Anasema Waasisi hawakuitaka. Akitaka serikali ndogo, anasema Waasisi waliitaka ndogo. Nani atabishana na mtu aliyechongwa mlimani? Na sisi je? Sisi tuna nani?"

Ukumbi ulinyamaza, maana kila mtu alijua sisi tuna nani. Mwasisi wetu wa kweli, Mungu amlinde huko aliko, aliondoka na gari la serikali siku ya pili ya uhuru. Huonekana mara moja moja nchi jirani, akiliosha.

"Tunawaonea wivu!" alilia Rais. "Nasema wazi, ni wivu, na ni wivu wa kizalendo!"

Bunge zima lilisimama na kuona wivu kwa pamoja. Halafu wakapitisha azimio ambalo hata Wamarekani hawakulifikiria: walitangaza nafasi ya kazi.

Sifa za mwombaji zilikuwa chache. Awe na ndevu. Asiwe msemaji. Asiwe na ndugu katika upinzani. Na awe tayari kuwa amekwisha kufa.

Hatibu hakuomba. Ujumbe wa wizara ulimkuta tu kibandani kwake, kioo cha ufundi kimebanwa jichoni, skrubu ndogo kuliko chembe ya mchele imeshikwa kwenye ncha ya koleo. Alikuwa hajafika miaka arobaini, lakini ndevu zake zilikuwa zimewahi kuzeeka. Waziri wa Mambo ya Kale na ya Kurudishwa alimwinamia, akamuuliza kwa unyenyekevu, "Mzee, unaliachia nini taifa hili?"

Hatibu hakuinua kichwa. "Niacheni kwanza," alisema, "skrubu hii itaanguka."

Wajumbe walitazamana. Mmoja alitoa leso.

"Niacheni kwanza!" alinong'ona Waziri. "Mmesikia? Falsafa yote ya serikali ndogo, katika maneno mawili!"

Habari ya skrubu haikuandikwa, kwa sababu lilikuwa jambo la enzi zile na watu wa leo wasingelielewa. Wiki ile ile Hatibu alipewa cheti cha kifo cha miaka mia mbili iliyopita. Mbele ya sababu ya kifo waliandika: Heshima.

*

"Niacheni kwanza" ikawa ibara ya kwanza ya katiba, na pia ya mwisho, kwani katiba ndefu ni dalili ya serikali kubwa. Wasomi wa Chama waliikamua ibara ile kama nazi.

Wenye viwanda waliuliza kuhusu kodi. Jibu likatoka: Mwasisi alisema niacheni, basi waachwe. Wagonjwa waliuliza kuhusu hospitali. Nao wakaachwa, na mlangoni pa hospitali pakabandikwa kibao safi kilichosema, "Serikali inaheshimu uhuru wa homa yako." Mpakani ulijengwa ukuta mrefu ili wageni watuache. Nchi jirani ilituma salamu za shukrani, ikisema mbuzi wetu walikuwa wakiwasumbua kwa muda mrefu. Wizara zilipunguzwa, ikabaki Wizara ya Kupunguza Wizara, na hiyo ilikuwa na idara nyingi kuliko vyumba vya jengo lake, hivyo idara nyingine zilikaa barazani.

Uso wa Hatibu ulichongwa kwenye kilima cha Dundwe, ambacho ndicho kirefu tulichonacho. Mvua za kwanza ziliondoka na pua. Rais alisema pua si jambo la msingi.

Siwema aliyatazama yote hayo kutoka dirishani pake. Hakuwa mtu wa maneno. Shuleni aliishia darasa la nne, siku mwalimu alipomwita mbele asome kwa sauti na yeye akatoka, lakini kupitia mlango wa nyuma. Aliporushiwa maneno sokoni, alijibu akiwa amefika nyumbani, tena moyoni. Hata mumewe, katika miaka sita ya ndoa, yeye Siwema alikuwa amemwambia mambo mawili tu makubwa: "Ndiyo," mbele ya kadhi, na "Jihadhari na ngazi," siku alipopanda kuziba paa.

Ndiyo maana hakuweza kuwa mjane.

Wizara ilimwita kwanza yeye, haki isemwe. Mwasisi bila mjane hana joto, walisema, na kule Marekani, wake wa marais huheshimiwa hata waume zao wakiwa wamekwisha kuzikwa. Walimsimamisha mbele ya kipaza sauti.

"Lia kidogo, mama," alisema ofisa. "Halafu useme machache kumhusu marehemu."

Siwema alikitazama kile chuma chenye matundu. "Siwezi kulia," alinong'ona. "Yupo hapo nje anafunga baiskeli."

Kipaza sauti hakikunasa chochote isipokuwa pumzi. Ofisa alitikisa kichwa kwa huruma, na kazi ya ujane akapewa Bi Shamsa Belele, mshereheshaji wa harusi, mwanamke mwenye sauti ya kulainisha muhogo mbichi. Alijua kulia bila kuharibu wanja. Alijua pia kushona, kama ilivyokuja kuonekana.

*

Jirani wa Siwema aliitwa Bi Nunu, muuza mkaa. Redio yake ilikuwa kubwa na mdomo wake ulishindana nayo.

"Njoo, shoga, njoo umsikie mke mwenzio!" aliita siku moja. "Leo analia kwa mafungu!"

"Si mke mwenzangu," alisema Siwema, mwiko mkononi. Lakini alikuja.

Redioni, Bi Shamsa alivuta pumzi, na nchi nzima ikavuta naye. "Mume wangu," alisema, "alikuwa na vidole vinavyosikia. Alipoigusa saa iliyokufa, saa ile iliona haya kuendelea kusimama."

Mwiko ulimponyoka Siwema.

"Una nini wewe?" Bi Nunu aliuliza. "Maneno ya kulipwa hayo! Kesho atamsifia mtengeneza sabuni."

Siwema aliuokota mwiko, akaufuta mchanga taratibu. Ungekuwa uwongo asingejali. Lakini ilikuwa kweli tupu. Yeye mwenyewe aliiona zamani, usiku wa kwanza alipokaa kando ya meza ya Hatibu na kumtazama akiifungua saa ya kasisi mmoja. Aliwaza jambo hilo hilo, karibu kwa maneno hayo hayo, akalihifadhi vizuri ndani kama mtu anavyohifadhi kitambaa cha sikukuu. Sasa mwanamke mwingine alikuwa amekivaa hadharani, na kilimkaa.

"Ananenepa kwa jina la mume wangu," alisema.

"Hilo ndilo la kusema!" Bi Nunu alipiga paja. "Hebu nenda ukaseme huko huko!"

"Nimelisema hapa," Siwema alijibu, akarudi jikoni.

*

Alasiri, Jumba la Waasisi, alikokaa kutwa kitini mbele ya wageni, likifungwa, Hatibu alirudi nyumbani kwa baiskeli. Siku za mwanzo alirudi akicheka. Alimsimulia mkewe jinsi inzi alivyotua kwenye ulimi wa ofisa wakati wa dua, na jinsi mgongo unavyomwasha mtu asiyeruhusiwa kujikuna. Kisha vicheko vikapungua. Akaacha kuimba wimbo wakati wa kuoga. Akitaka chai hasemi, anahema tu, na kutazama mbali.

"Leo walikuja wanafunzi," alisema jioni ile ya gazeti. "Walisimama mbele yangu kimya, Siwema. Unajua mara ya mwisho mtu kusimama mbele yangu kimya ilikuwa lini?"

"Wenye saa husimama pale kibandani."

"Wale husimama wakinihimiza. Fundi vipi, fundi bado, fundi umeniharibia. Hakuna aliyewahi kusema, fundi, una vidole vinavyosikia."

Siwema alimimina chai hadi ikamwagikia kwenye kisahani.

"Ulimsikia Bi Shamsa?" aliuliza Hatibu. "Redioni?"

"Nilisikia."

"Alisema vizuri?"

"Alisema kwa sauti."

Hatibu alingoja, labda kuna nyongeza. Siwema alikitazama kifungo cha tatu. Swali lilimpanda hadi kooni, likakaa hapo kama mwiba wa samaki: nani alikushonea? Nalo lilikuwa na wadogo zake nyuma. Ulimwangalia alipokuwa akishona? Alikata uzi kwa mkasi, au kwa meno?

"Niongeze sukari?" alisema.

"Hapana," Hatibu alijibu, akatazama mbali.

Usidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa ameonja kusifiwa, na hicho ni chakula ambacho nyumbani kwake hakikuwahi kupikwa.

*

Msiba wa kweli uliletwa na dagaa.

Hatibu alipita sokoni siku moja akitoka kufa, akasimama kupunguziwa bei ya fungu la dagaa. Muuzaji akamwambia, "Hata kama ni Mwasisi, mzee, bei ni hiyo hiyo." Watu wakacheka. Jioni taarifa ilifika Ikulu, na kesho yake Rais akalihutubia taifa.

"Wenzetu wa Marekani," alisema kwa uchungu, "hawajawahi hata mara moja kumwona Mwasisi wao akigombania dagaa! Ndiyo maana sarafu yao ina nguvu!"

Ikaamriwa kwamba Mwasisi ahamie Jumbani moja kwa moja, alale huko, ale huko kwa faragha, chini ya uangalizi wa Mjane wa Taifa, ambaye chumba chake kilikuwa upande wa pili wa ukumbi. Askari wawili walikuja kuchukua godoro.

"Hata godoro?" alipiga kelele Bi Nunu kutoka ng'ambo ya uchochoro. "Maiti gani huyo anayechagua godoro?"

"Ni kumbukumbu ya taifa, mama," askari alisema, akilikunja.

Hatibu alisimama mlangoni na mfuko wake wa nguo. Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja kuambiwa jambo kabla treni haijaondoka.

"Basi," alisema.

"Basi," alisema Siwema.

Bi Nunu hakuweza kuvumilia. Alimshika Siwema mkono akamvuta mpaka Mahakama Kuu na kufungua kesi kwa niaba ya koo lake lisilotoa sauti. Siku tatu walifanya mazoezi ya sentensi moja katikati ya magunia ya mkaa: "Mheshimiwa, huyu ni mume wangu na ninamtaka." Kufikia siku ya tatu, Siwema aliweza kuisema gunia likiwa limempa mgongo.

*

Kesi iliitwa Siwema dhidi ya Historia, na ukumbi ulijaa hadi madirishani. Hatibu aliletwa kwenye kiti chake cha makucha ya simba, akawekwa upande wa vielelezo, kati ya bendera ya zamani na mkongojo ambao haukujulikana ni wa nani. Bi Shamsa alikaa mstari wa mbele, amevaa nyeusi kuanzia ukaya wa kichwani hadi viatu. Aliunyoosha ukosi wa marehemu kabla ya kuketi. Siwema aliuona mkono ule ukichelewa hapo shingoni.

"Swali mbele yetu," alisema Jaji Mkuu Tunutu, "ni la katiba. Mwasisi alisema niacheni kwanza. Je, alitaka aachwe na nani?"

Wakili wa serikali aliinuka na kitabu kinene alichokiandika mwenyewe kuhusu maneno yale mawili. "Mheshimiwa, neno kwanza linaonyesha mpangilio. Kuna wanaoachwa kwanza na wanaoachwa baadaye. Na nani aliye wa kwanza kwa mwanamume kama si mkewe? Mwasisi alikuwa anaomba aachwe na mkewe, kisha serikali ifuate."

Ukumbi uliguna kwa kuvutiwa.

Hatibu alijisogeza kitini. "Mheshimiwa," alisema, "mimi nilikuwa nimeshika skrubu…"

"Karani," alisema Jaji bila kugeuka, "andika kwamba ukumbini kumesikika upepo."

"Mheshimiwa," alisema kijana mmoja wa magazeti, "si tumuulize yeye mwenyewe? Si huyo hapo?"

Jaji alimtazama kwa huzuni ya baba. "Mwanangu, tukimuuliza atatuambia anachofikiri leo. Sisi tunatafuta alichofikiri wakati ule. Mtu wa mwisho wa kuulizwa kuhusu maneno ya Mwasisi ni Mwasisi."

Upepo ulisikika tena, ukaandikwa.

Kisha Jaji akamgeukia Siwema. "Mlalamikaji. Mahakama inakusikiliza. Ongea kwa sauti."

Siwema alisimama. Nyuma, Bi Nunu alikuwa akiichezesha midomo: Mheshimiwa, huyu ni… Sentensi ilikuwepo yote, imepangwa, imepigwa pasi. Hatibu alikuwa ameshusha macho yake kutoka mbali, yuko hapo, anamtazama. Akafungua kinywa.

Ndipo Bi Shamsa akainuka, akavuka ukumbi kwa hatua za taratibu, akamtilia leso mkononi.

"Jikaze, mdogo wangu," alisema. "Sote tumempoteza."

Lo, alivyolisema! Kipaza sauti kilikunywa neno lile na kulimwaga ukumbi mzima. Karani alilia. Wakili wa serikali alilia. Hata Bi Nunu alijikuta akipenga pua, akajikasirikia. Siwema alisimama na leso yenye harufu ya asumini, akajua kwamba hata akitoa sentensi yake sasa, itatoka kama kuku anayevuka katikati ya maandamano.

"Una la kusema?" aliuliza Jaji.

"Sina," alisema Siwema.

Hatibu aliinua kidevu, akarudi kutazama mbali. Safari hii alitazama mbali zaidi.

Hukumu ilichukua muda mfupi. Mwasisi ni mali ya vizazi. Familia yake inaruhusiwa kumtembelea Jumamosi, kwa kupanga foleni na wageni wengine, bila chakula. Kila mgeni ana haki ya kusimama mbele yake na kusema neno moja la heshima.

*

Nyumba ilibaki na saa za wateja. Zilikuwa zimetundikwa ukutani, kila moja na wakati wake, na Siwema alizitia ufunguo zote ili asiwe peke yake. Alijaribu kumchukia Bi Shamsa, na alifaulu vizuri. Alimchukia akiwa anafua, alimchukia akiwa anachambua mchele. Katika mawazo alimwona mwanamke yule akivuka ukumbi na taa, akiuliza, marehemu umelala? Aliona sindano. Aliona uzi mweupe ukikatwa kwa meno, uso karibu kabisa na kifua.

Lakini alipochoka kumchukia, alibaki na jambo lingine lililomuuma zaidi, nalo halikuwa la sindano. Mwanamke yule alimpa Hatibu kitu ambacho Siwema alikuwa nacho ndani kimejaa tele, na hakuwahi kumpa hata kijiko.

Jumamosi alivaa gauni lake la kijani akaenda kupanga foleni.

Foleni ilizunguka Jumba. Mbele yake walikuwepo watoto wa shule, na mbele ya watoto ujumbe wa nchi ya tatu, waliokuja kujifunza jinsi ya kupata Waasisi. Walikuwa wakipima kiti kwa macho, na nyuso zao zilikuwa na wivu ule ule tuliorudi nao nyumbani kutoka Marekani. Kiongozi wao alimuuliza ofisa kama ni lazima kuwe na ndevu.

Hatibu alikaa nyuma ya kamba nyekundu. Alikuwa amenawiri, lakini kwa namna ya tunda la plastiki. Bi Shamsa alisimama kando yake, akimpepea kwa upepeo wa manyoya na kuwapokea wageni.

"Ahsante, Baba," walisema watoto, mmoja baada ya mwingine.

"Ahsante, Baba. Pua yako ipo!" alisema mtoto wa mwisho, akavutwa sikio.

Zamu ya Siwema ikafika. Hatibu alikuwa akitazama juu ya vichwa vya watu, hakumwona. Bi Shamsa alimwona. Aliacha kupepea.

"Neno moja la heshima, mdogo wangu," alisema kwa sauti ile. "Watu wanasubiri."

Siwema aliyashika mapindo ya gauni lake. Mlango wa nyuma ulikuwepo, aliuona, uko wazi na jua limetulia nje.

"Nina wivu," alisema.

Upepeo ulianguka. Kiongozi wa wageni alimgeukia ofisa wake, akamuuliza kama hilo limo katika utaratibu.

"Hilo si neno la heshima," alisema Bi Shamsa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na mchanga.

"Nina wivu na wewe," Siwema alimwambia. "Si kwa sababu ya uzuri. Kwa sababu unasema. Yote uliyoyasema juu yake ni kweli, na wewe uliyabuni tu. Mimi nilikuwa nayajua."

Macho ya Hatibu yalishuka taratibu kutoka mbali, yakapita dari, yakapita bendera, yakafika.

"Nilikuwa nakusikia ukiimba wimbo wako bafuni," Siwema alimwambia sasa Hatibu, "nazima jiko ili nisikie vizuri. Ugali ukabaki mbichi, ukala, hukuuliza. Nilikaa gizani kando ya meza yako nikitazama mikono yako, nikawa natamani niwe saa. Sikusema. Niliona haya. Nilidhani mtu akiwa hai hakuna haraka ya kumsifu."

Askari wa mlangoni alimwona marehemu akiweka mikono kwenye makucha ya simba na kujiinua. Akageukia ukuta haraka, kwa kuwa sheria haikumruhusu kuona. Hatibu alishuka jukwaani. Mguu ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaa, akachechemea. Aliinua kamba nyekundu, akapita chini yake, akasimama mbele ya mkewe, kifungo kwa kifungo.

"Marehemu harudi nyuma!" Bi Shamsa alisema. "Ofisa! Marehemu…"

"Ni upepo," alijibu ofisa, amefumba macho.

"Siwema," alisema Hatibu. Sauti yake ilikwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. "Watu wengi wameniambia mengi hapa. Nimeyapenda, sikufichi. Lakini hilo la mwisho sikulisikia vizuri. Umesema nini?"

Alikuwa amelisikia. Alitaka tu lirudiwe wazi zaidi, na wote wawili walijua. Na Siwema, mbele ya watoto wa shule, mbele ya ujumbe wa nchi ya tatu, mbele ya bendera na mkongojo usio na mwenyewe, alivuta pumzi hadi gauni likambana, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye foleni ya nje:

"Nakupenda, Hatibu. Na mume wangu sigawani na mtu, hata akiwa taifa zima."